Kutafuta Donge la Gundi

Nundu ilijitokeza Jumamosi ya pili ya mwezi Mei, saa nne na robo asubuhi, katika chumba cha walimu cha sekondari moja ya kata karibu na Bugarama. Mwalimu Coletha Lusana alikuwa peke yake. Alikuwa amefungua madirisha yote kwa sababu ya joto la mabati, na vumbi la malori lilikuwa limeshatua juu ya madaftari ya kidato cha pili aliyopaswa kuyasahihisha tangu Alhamisi. Kwa miezi saba mchoro ule kwenye kompyuta yake ulikuwa ukimwonyesha mteremko mmoja laini, ukishuka kutoka kushoto kwenda kulia bila neno. Safari hii, katikati ya mteremko, palikuwa na nundu kama ya fahali.

Hakupiga kelele. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta kosa lake. Alipitia mistari ya programu aliyoibadilisha jana yake, akakuta ni mitatu tu, na yote ilikuwa sawa. Akaiamuru kompyuta ianze upya, akatoka nje, akanywa maji bombani, akarudi kukaa. Baada ya dakika arobaini mchoro ulirudi na nundu yake pale pale. Pale ambapo hesabu za kundi lao la watafiti zilisema patakuwa na migongano kumi na moja ya protoni, palikuwa na hamsini na saba.

Coletha alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Ushirombo, binti wa mzee Telesphori anayefuga nyuki na kurina asali. Alifundisha fizikia na hisabati. Kilichomwingiza katika mambo haya ni swali alilouliza akiwa kidato cha nne. Mwalimu alikuwa amewafundisha kuwa protoni hukimbiana, kwa sababu zote zina chaji ya aina moja. Halafu wiki iliyofuata akawafundisha kuwa protoni hizo hizo zimebanana ndani ya kiini cha atomu, mahali padogo kuliko kitu chochote unachoweza kukifikiria. Coletha akanyoosha mkono, akauliza kwa nini kiini hakilipuki. Mwalimu alimjibu kuwa kuna kani kali inayozishika, akaandika neno hilo ubaoni, akalipigia mstari, akaendelea na mada. Coletha alibaki na mstari ule.

Miaka mingi baadaye, akiwa tayari ameajiriwa, alijiunga na chuo kikuu kwa shahada ya pili, akisoma mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo. Msimamizi wake, Daktari Aneth, alikuwa mmoja wa watafiti wa nchi tisa waliokuwa wakichambua kumbukumbu za mtambo mkubwa wa Ulaya unaogonganisha protoni. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa huko huko, kwenye kompyuta kubwa. Coletha alituma amri za hesabu kwa mtandao na kupokea majibu. Kila mtu katika kundi alikuwa na kipande chake cha kutafutia. Wote walitafuta kitu kimoja, na kitu hicho Coletha alikuwa ameshindwa kumweleza mtu yeyote wa Bugarama isipokuwa Ghati.

Ghati, ambaye watu wengi walimwita Mama Samwel, alikuwa jirani yake katika nyumba ya kupanga, mlango kwa mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Tarime, mwembamba, mwenye sauti ya chini na maswali mengi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akifanya kazi katika maabara ndogo ya mtu binafsi inayowapimia mawe wachimbaji wadogo, kujua kama yana dhahabu na kwa kiasi gani. Mwanawe alikuwa anasoma bweni Musoma, kwa hiyo jioni zake zilikuwa za kwake, na nyingi alizimalizia barazani na Coletha, wakila michembe ya viazi vitamu na karanga.

Coletha alimweleza hivi. Ndani ya protoni kuna vijipande viitwavyo kwaki. Kwaki zinashikanishwa na chembe nyingine, gluoni, ambazo kazi yake ni kama ya gundi. Hiyo ndiyo kani kali yenyewe. Lakini gundi hii ina tabia moja ya ajabu: inajinatia yenyewe. Kwa hesabu, gluoni zinaweza kushikana zenyewe kwa zenyewe bila kwaki hata moja katikati, zikawa donge la gundi tupu. Watu wamelitafuta donge hilo miaka na miaka. Wapo wanaodhani wameliona, lakini hakuna aliyeweza kusimama akasema ni hili hapa na wenzake wote wakakubali.

Ghati alitafuna karanga kwa muda. Kisha akauliza, "Sasa kama wanazigonga na kuzivunjavunja hizo protoni, hilo donge watalitambuaje katikati ya vifusi vyote hivyo?"

Lilikuwa swali zuri, na Coletha alilifurahia. Akamwambia kuwa yeye hatafuti kwenye zile zinazovunjika. Mara chache sana, mara moja katika mamilioni, protoni mbili hupishana zikagusana mabega tu. Hazivunjiki. Kila moja inaendelea na safari yake ikiwa nzima, ila imepunguza mwendo kidogo, na kile kidogo zilichopoteza kinabaki katikati na kuzaa kitu kipya. Kitu hicho hakidumu. Papo hapo kinagawanyika kuwa chembe nne nyepesi ziitwazo pioni. Vipo vifaa mbali kwenye bomba la mtambo, mamia ya mita kutoka pale zilipogusana, vinavyonasa zile protoni mbili na kupima zimepoteza kiasi gani. Kama kile zilichopoteza protoni mbili kinalingana sawasawa na kile zilichobeba pioni nne, basi unajua umeshuhudia mgusano safi. Na kama migusano hiyo inajikusanya kwenye uzito mmoja, huenda uzito huo ni wa donge.

"Inajikusanya vipi?"

"Inafanya nundu."

Na sasa nundu ilikuwa mbele yake. Coletha alimtumia Daktari Aneth mchoro ule bila maelezo mengi. Daktari Aneth alikuwa mtu asiyependa simu. Barua zake zilikuwa za mistari miwili. Siku ile alipiga simu kabla ya saa sita. Alimuuliza maswali ishirini hivi, moja baada ya jingine, na mwisho akamwambia kuwa mkutano wa kundi zima ungekuwa baada ya wiki tano na amemwombea dakika ishirini za kuzungumza. Aliongeza kuwa kwa mwanafunzi wa shahada ya pili jambo hilo halijapata kutokea.

Kosa la Coletha, kama lilikuwa kosa, ni kumpigia baba yake. Hakumwambia amegundua. Alimwambia ameona kitu ambacho huenda ni kile wanachokitafuta. Lakini mzee Telesphori alikuwa amesubiri kwa muda mrefu kuwa na neno la kuwaambia wale waliomuuliza kwa nini bintiye mwenye kazi bado anasoma. Alhamisi iliyofuata, kwenye jumuiya yao ndogondogo ya kanisa, baada ya rozari, alisimama akatangaza kuwa Coletha amepata gundi inayoushikilia ulimwengu. Mama mmoja, Evelina, akapendekeza waombe misa ya shukrani. Ndani ya wiki moja Coletha alianza kupokea simu za pongezi kutoka kwa watu ambao hakujua kuwa wana namba yake. Shangazi yake aliyeolewa Nkome, anayeuza dagaa, alimuuliza kama gundi hiyo itauzwa.

Alicheka nao. Hakumsahihisha hata mmoja, na kila siku iliyopita ilizidi kuwa vigumu kuanza.

Likizo ya Juni ilipofika, Ghati alimkaribisha maabara. Walikuwa wameahidiana siku nyingi. Ghati alishaona michoro ya Coletha, lakini Coletha hakuwahi kuona tanuru la Ghati. Alikwenda asubuhi ya Jumanne. Alikuta uani watu kama kumi wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja na kimfuko chake cha mawe, wengine wametoka mbali kama Rwamgasa. Ndani, kelele za karasha, mashine ya kuvunjia mawe, zilifanya watu waongee kwa mikono.

Ghati alimtembeza hatua kwa hatua, kwa fahari ambayo Coletha hakuwahi kuiona kwake. Jiwe linavunjwa kwenye karasha, kisha linasagwa mpaka linakuwa laini kama unga wa sembe. Unga unapimwa, unachanganywa na dawa yenye madini ya risasi, unatiwa kwenye kikombe cha udongo, unaingia tanuruni. Risasi inapoyeyuka inashuka chini na dhahabu yote iliyokuwemo. Baadaye risasi nayo inachomwa mpaka inatoweka, na kinachobaki ni kidonge kidogo kuliko kichwa cha pini. Kidonge hicho ndicho jibu la yule mtu aliyekaa ukutani.

Trei iliyokuwa inasubiri kuingia ilikuwa na vikombe ishirini. Coletha akahesabu majina kwenye daftari, akapata kumi na nane, akauliza vile viwili ni vya nani.

"Vya kwangu," Ghati akasema. Kimoja kilikuwa na unga ambao dhahabu yake inajulikana, umenunuliwa hivyo, ili kuona kama tanuru linasema kweli. Cha pili kilikuwa cha jiwe tupu. Jiwe hilo alilitoa kwenye kilima kimoja upande wa Shinyanga mjini ambako hakuna aliyewahi kupata dhahabu hata ya kupaka kwenye ukucha. Akilivunja, akilisaga na kulichoma kama mengine, halipaswi kutoa chochote.

"Kwa nini upoteze kikombe kizima kwa jiwe lisilo na kitu?"

"Ndilo linaloniambia kama nadanganywa. Likitoa dhahabu, basi dhahabu hiyo imetoka kwangu. Haikutoka kwenye jiwe."

Akamsimulia habari ya mchimbaji mmoja aliyeitwa Selestine. Ilikuwa mwaka wa pili wa Ghati pale maabara, na siku hizo hawakuwa na utaratibu wa jiwe tupu. Selestine alileta mawe kutoka kwenye duara jipya, shimo lililokuwa limeanza tu kuchimbwa, na majibu yakatoka mazuri ajabu. Alishukuru, akaenda, akachimba. Alichimba karibu mwaka mzima na wenzake sita, wakashuka chini mpaka wakakuta maji, na hawakuona kitu. Aliporudi kuuliza, hakuja kwa ugomvi. Alikuja akiwa amekonda, akaomba tu waangalie tena daftari. Ghati akaangalia. Kabla ya mawe ya Selestine, karasha lile lile lilikuwa limevunja mawe ya mtu mwingine, mawe mazito kwa dhahabu, na hakuna aliyelisafisha. Aliyetakiwa kulisafisha siku ile ni yeye Ghati.

Alisimulia yote hayo huku akipanga vikombe, bila kuinua uso. Kisha akafuta mikono, akamgeukia Coletha kwa udadisi wake ule wa kila siku.

"Na wewe, Mwalimu, jiwe lako tupu ni lipi?"

Coletha akajibu upesi kwamba wanalo. Wana migongano ya bandia, iliyotengenezwa na kompyuta kufuata kanuni zinazojulikana, isiyo na donge ndani yake. Hiyo ndiyo iliyowapa ile kumi na moja.

"Hilo mmelitengeneza wenyewe," Ghati akasema. "Mimi nauliza jiwe lililopita kwenye karasha lile lile."

Coletha alikaa pale mpaka trei ilipoingia tanuruni, akaaga, akarudi nyumbani kwa miguu. Njiani alijikuta amekasirika, na alipojiuliza amemkasirikia nani hakupata mtu. Alijua kabisa jiwe lake tupu lingekuwa lipi. Alijua tangu Ghati alipofunga mdomo.

Ubaya wa mtambo ule ni kwamba protoni hazitumwi moja moja. Zinatumwa kwa mafungu, maelfu ya mamilioni kwa fungu, na mafungu yanapopishana hugongana protoni nyingi kwa mkupuo mmoja. Vyombo hupiga picha moja ya yote. Kwa hiyo katika picha moja unaweza kukuta protoni nzima iliyotoka kwenye mgongano huu, protoni nzima nyingine iliyotoka kwenye mgongano ule, na pioni nne zilizotoka kwenye mgongano wa tatu, na hesabu zao zikalingana kwa bahati tu, kama watu watatu wasiojuana wanaoshuka stendi moja. Kompyuta iliyotengeneza migongano ya bandia ilijua jambo hilo. Lakini iliambiwa mafungu yamejaa kiasi gani na watu waliofanya kazi miaka ya nyuma, mafungu yalipokuwa mepesi.

Jiwe tupu lilikuwa rahisi. Uchukue protoni mbili za picha moja na pioni nne za picha nyingine kabisa, ya siku nyingine. Hizo hazijawahi kukutana. Haziwezi kuwa zimezaa kitu pamoja. Uzipitishe kwenye chujio lile lile, lenye masharti yale yale. Zikionekana zinalingana, umeiona bahati ikifanya kazi, na unaweza kuihesabu.

Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Pengine ndiyo maana hakuifanya Jumatano, wala Alhamisi. Alisahihisha mitihani. Alifua mapazia. Ijumaa alimsikia Ghati akifunga mlango kwenda kazini, akakumbuka yule mtu aliyekonda akiomba waangalie daftari, akachukua kompyuta na kwenda shuleni.

Hofu aliyokuwa nayo ilimwacha alipoanza kuandika. Hilo lilimshangaza. Mkono wake ulipokuwa unachanganya pioni za Machi na protoni za Septemba, kilichompanda ni hamu ile ile ya kidato cha nne: alitaka tu kujua. Saa tisa alasiri mchoro wa pili ulitokea. Akauweka juu ya ule wa kwanza.

Ilikuwa nundu ile ile. Pioni nne, ambazo hazikuwahi kuwa na uhusiano wowote na protoni zile, zilipandisha nundu mahali pale pale, kwa urefu karibu ule ule. Migongano ya kawaida ilikuwa ikizalisha chembe moja ya kawaida, inayojulikana kwenye vitabu vyote, na bahati ilikuwa inaivisha nguo za donge. Kati ya hamsini na saba, bahati peke yake ilieleza hamsini na tatu. Zikabaki nne. Na hesabu ya hamsini na saba inaweza kupanda au kushuka kwa saba au nane bila sababu yoyote, kwa hiyo nne hizo hazikuwa na sauti ya kusema lolote.

Alirudia mara tatu. Kisha akampigia Daktari Aneth, akamweleza tangu mwanzo, pamoja na habari ya maabara ya mawe.

"Nitumie," Daktari Aneth akasema. "Usimwambie mtu mpaka niangalie."

Alipiga tena baada ya saa mbili. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukubali. Alisema nundu imekufa, na kwamba alipaswa kuiua yeye kabla ya kumwombea mtu nafasi ya kuzungumza. Ile furaha ya siku ya kwanza ndiyo iliyomfunga macho. Coletha akamuuliza kama aandike barua ya kujitoa mkutanoni.

"Kwa nini ujitoe? Dakika ishirini bado ni zako. Una kitu cha kusema, ila si kile tulichodhani."

Coletha alizungumza kutoka ofisi ya mkuu wa shule, Mwalimu Frank, ambako mtandao ulishika vizuri. Kwenye kioo zilikuwa nyuso kama arobaini ndani ya visanduku vidogo. Alionyesha nundu yake, akaiacha ikae mbele yao dakika nzima, kisha akaweka juu yake ile ya jiwe tupu. Profesa mmoja mwanamke kutoka Poland, mzee kuliko wote, akataka kujua wazo la kuchanganya picha kwa namna ile amelitoa kwenye andiko gani. Coletha akasema si kwenye andiko. Akaeleza habari ya karasha, vikombe ishirini, na jirani yake. Profesa aliandika kitu kwenye karatasi, akamwomba ataje jina la jirani herufi kwa herufi.

Haikuwa siku ya furaha kwa wote. Kundi liliamua kila mwenye kipande chake apitishe jiwe tupu kabla ya mwisho wa Julai, na wawili kati yao waligundua kuwa nundu ndogo walizozilea kwa zaidi ya mwaka nazo zilikuwa za bandia. Mmoja alimwandikia Coletha barua ya shukrani. Wa pili hakumwandikia, na katika mikutano iliyofuata hakuwahi kumtaja kwa jina.

Iliyokuwa imebaki ni Ushirombo. Alikwenda Jumapili, akamkuta baba yake nyuma ya nyumba akipaka nta ndani ya mizinga mipya ili nyuki waipende. Walisalimiana, shikamoo na marahaba, akaletewa kigoda. Coletha alimweleza bila kuzunguka. Mzee Telesphori aliendelea kupaka nta mpaka mzinga ule ukaisha, na Coletha aliona masikio yake yamebadilika rangi, kama yalivyobadilika zamani alipoitwa shuleni kwa sababu ya kaka yake Coletha.

"Kwa hiyo halipo," akasema.

"Sijasema halipo, baba. Nimesema sijaliona."

Mzee akayafikiria maneno hayo. Akauliza kama wenzake wamemfukuza. Coletha akasema hapana. Akauliza kama ataendelea kutafuta, akasema ndiyo. Akauliza ni nani aliyewaambia watu wa jumuiya, na Coletha akanyamaza kwa heshima, kwa maana wote wawili walijua.

"Basi niliyesema ni mimi," akasema mzee. "Nitakayesema tena ni mimi."

Coletha alibaki mpaka Alhamisi ili asimwache aende peke yake. Baada ya rozari mzee alisimama, akaeleza kuwa kile alichokitangaza hakikuwa gundi, kilikuwa bahati tu, na kwamba Coletha mwenyewe ndiye aliyegundua kosa hilo, kisha akamsimamisha aeleze hesabu, hamsini na tatu za bahati na nne zilizobaki. Watu wachache waliguna. Evelina akauliza misa ya shukrani iliyokwisha kusomwa itahesabiwaje, na mwenyekiti akasema Mungu hakosi mahali pa kuiweka. Ndipo mzee mmoja, Kalisti, fundi baiskeli, ambaye kwa kawaida hakusema lolote isipokuwa sala, akamgeukia Coletha.

"Ulisema zimebaki nne. Hizo nne ni zipi?"

Coletha akaeleza kuwa haijulikani. Katika zile hamsini na saba, labda nne ni za kweli, labda hakuna hata moja. Zote zinafanana kwa sura. Kalisti hakuridhika. Alisema vitu viwili havifanani kabisa mpaka mwisho. Mpira wa baiskeli ukitoboka mahali pawili, unautia ndani ya maji, na kila tundu linatoa mapovu kwa namna yake. Lazima ipo namna ya kuzitenganisha, akasema, ila hamjaitafuta.

Hilo Coletha alirudi nalo Bugarama. Alilizungusha kichwani siku mbili, akasoma maandiko ya vifaa ambayo kwa mwaka mzima alikuwa akiyaruka kwa sababu yalikuwa ya mafundi, na kwenye ukurasa wa mia na kitu akakuta alichokuwa anatafuta. Vile vifaa vya mbali vinavyonasa protoni vilikuwa vimeongezewa saa. Kama protoni mbili zimetoka mahali pamoja kwa wakati mmoja, tofauti ya muda wa kufika kwao huku na huku lazima ikubaliane na mahali pale zilipozaliwa pioni. Kama ni wageni waliokutana stendi, saa zao zitawaumbua wengi wao. Aliandika maombi ya kupewa kumbukumbu za miezi saa hizo zilipokuwa zinafanya kazi. Daktari Aneth akayasaini siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja katikati ya Agosti: wamekubali, wiki tatu za migongano, aanze atakapokuwa tayari.

Faili la kwanza lilianza kushuka Jumamosi moja saa kumi alasiri. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, na Ghati, aliyekuwa amerudi kutoka kazini mapema, alivuta kigoda barazani akakaa na karanga zake karibu na kompyuta kuangalia ule mstari wa kijani ukijaa taratibu. Barua ya yule profesa ilikuwa imemfikia, ikimshukuru kwa jina. Alikuwa ameisoma mara moja, akaikunja, na tangu hapo swali lake lilikuwa moja tu, kwamba huyo mama wa Poland anatumia jiwe gani.

"Hizo saa," akasema sasa, "zinapima muda mdogo kiasi gani?"

Coletha akamwambia achukue sekunde moja aigawe vipande bilioni moja, kisha kipande kimoja kati ya hivyo akigawe tena vipande thelathini.

Ghati aliacha kutafuna. "Na saa yenyewe, wanajuaje kuwa inasema kweli? Wanailinganisha na nini?"

Coletha alivuta kompyuta, akatafuta lile andiko la mafundi, akageuza kioo ili wote wawili waone, na wakaanza kusoma ukurasa wa kwanza, Coletha akitafsiri sentensi moja moja na Ghati akimsimamisha kila mara ili aulize.